Kwa Kauli Moja

Mwaka 2009 nilikuwa katibu wa kamati ya nidhamu katika shule moja ya sekondari ya kata, kando ya Ziwa Victoria. Nilikuwa na miaka 31, nikifundisha Kiswahili, na ukatibu nilipewa kwa sababu ya mwandiko. Shule haikuwa na umeme wala kompyuta. Kila kikao nilikiandika kwa mkono kwenye kaunta buku, kisha nakala safi ikaenda mjini kupigwa chapa kabla ya kupelekwa kwenye bodi ya shule.

Katika kaunta buku hilo kuna sentensi ninayoikumbuka neno kwa neno: "Baada ya majadiliano, ilikubaliwa kwa kauli moja kwamba mwanafunzi asimamishwe masomo na jina lake lipelekwe kwenye bodi ili afukuzwe shule."

Mimi ni mwalimu wa lugha, basi nianze na sarufi. Sentensi hiyo ina vitenzi vinne, na vyote vinne viko katika kauli ya kutendwa. Ilikubaliwa, na nani? Asimamishwe, na nani? Uisome kutoka mwanzo hadi mwisho, hukutani na mtu hata mmoja aliyefanya jambo. Binadamu pekee aliyemo ni yule mwanafunzi, msichana, naye ni wa kutendwa tu. Kiambishi hiki kidogo, -w-, kimewasitiri watu wengi katika ofisi zetu: imeamuliwa, tumeelekezwa, imependekezwa. Nami kilinisitiri kwa miaka zaidi ya kumi.

Ila sarufi haikuwa kosa langu kubwa. Kosa langu kubwa ni yale maneno matatu, "kwa kauli moja". Hayakuwa kweli, na niliyaandika nikijua.

Msichana alikuwa kidato cha tatu. Mama yake alikuwa mwanika dagaa kwenye mwalo, mwendo wa zaidi ya saa mbili kutoka shuleni. Shule za kata zilijengwa kwa kasi tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004. Madarasa yalipatikana kwanza, mabweni yakabaki ahadi. Watoto wa mbali walipanga vyumba sokoni, vyumba vyenye kitanda kimoja na jiko la mafuta ya taa, wakaviita mageto. Mtoto wa miaka 16 analala huko, anajipikia, anadaiwa kodi ya chumba, na kila mwanamume mwenye pesa ya sangara mfukoni anajua anakaa wapi. Sisi walimu tulilijua hilo. Tulilizungumza chai ya saa nne kama watu wanavyozungumza mvua.

Kila muhula ulipofunguliwa, wasichana walipangwa mstari nje ya stoo ya vitabu, ndani matroni na muuguzi wa zahanati wakiwabonyeza matumbo nyuma ya kitenge kilichotundikwa kuwa pazia. Sisi walimu wa kiume tulibaki ofisini tukisahihisha. Julai ile jina moja lilitoka stoo, na keshokutwa yake tukaketi, wajumbe saba.

Kikao hakikufika nusu saa. Mwenyekiti alisema sheria iko wazi. Sheria yenyewe ilikuwa kwenye faili, ndani ya kabati nyuma ya kiti chake, na hakuna aliyeinuka kuifungua. Niliisoma miaka mingi baadaye. Kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002 zinataja wizi, uharibifu wa mali, dawa za kulevya, makosa dhidi ya maadili, na kuingia katika ndoa. Neno mimba halimo. Ni shule ndizo zilizoamua kwamba mimba ni kosa dhidi ya maadili, na kwamba mkosaji ni mwenye tumbo. Siku ile ningeapa kwa Mungu kwamba limeandikwa.

Katika wale saba alikuwemo mwalimu wa Jiografia, mama mtu mzima aliyebakiza miaka michache kustaafu. Shule nzima tulimwita Mama. Alingoja wote wamalize, ndipo akasema: "Nimemsikia kila mtu akisema mtoto huyu. Sijamsikia mtu akimtaja aliyempa mimba. Mimi siungi mkono. Katibu, andika kwamba mimi sikukubali."

Niliitikia, "Sawa Mama." Nikaandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa: mmoja hakukubali.

Usiku ule nikaandika nakala safi kwa taa ya chemli. Nataka hapa nieleze kwa makini, kwa sababu ndipo jambo zima lilipo. Hakuna aliyenituma. Mkuu wa shule hakunipigia simu wala kuninong'oneza. Nilikaa peke yangu na kalamu, na mawazo yalikuwa haya: nikiandika kwamba mmoja alikataa, bodi itauliza kwa nini, itaitisha kikao kingine, mkuu ataona nimemletea kazi, na mwezi ujao ndio anateua mwalimu wa taaluma. Niliwaza pia kwamba kura sita kwa moja ni kura ile ile, hivyo msichana hatapoteza wala kupata chochote. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyonilaza usingizi. Nikafuta penseli kwa ufutio. Nikaandika kwa kauli moja.

Kabla ya kuandika nilikuwa nimepita kwa rafiki yangu, mwalimu mwenzangu, kumwomba ushauri. Aliniambia nisijitafutie matatizo. Nilirudi nyumbani nikijihisi mtu aliyeshauriwa.

Asubuhi mama na binti walifika kuchukua barua. Mama alikuwa amejifunga khanga mbili, miguu ina vumbi hadi magotini. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba huku akiniangalia mikono, mahali palipokuwa na bahasha. Hakujua kusoma vizuri, ikabidi niisome mimi kwa sauti. Nilipofika pale pa kauli moja, binti akainua uso.

"Mwalimu, na wewe pia?"

Nikamjibu, "Mwanangu, mimi sina la kusema. Ni sheria."

Hakulia. Alichukua bahasha, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa sketi ya shule ambayo hakuivaa tena.

Wiki ile nilikuwa na rundo la madaftari mezani. Kidato cha tatu tulikuwa tukisoma Takadini ya Ben Hanson, ile riwaya ya Sekai, mwanamke anayejifungua mtoto albino katika kijiji ambacho mila zinataka mtoto wa namna hiyo asiishi. Sekai anakataa. Usiku anambeba mtoto na kutoroka. Niliifundisha kwa moyo wote. Nilisimama mbele ya darasa nikawaambia wanangu kwamba mila hazina mikono, anayeua ni mtu, na anayekataa ni mtu. Nikawapa insha: Je, Sekai alifanya sawa? Siku ya tatu baada ya barua ile nikafungua daftari na kukuta jina la yule msichana. Aliandika kurasa mbili na nusu, kwa kalamu ya bluu iliyokuwa inaishiwa wino. Nikasahihisha hadi mwisho, nikampa 17 kati ya 20. Ndipo nikakumbuka kwamba sina wa kumrudishia.

Daftari lile nimehama nalo vituo vitatu.

Chuoni tulifundishwa udhanaishi kwa hoja za mtihani. Maisha hayana maana aliyoipanga mtu mwingine, binadamu ametupwa duniani, kuna ukengeushi, kuna kifo. Toa mifano kutoka Kichwamaji. Nilipata alama nzuri. Nilijua kwamba mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi, alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, kisiwa ambacho kutoka kwenye miamba ya shule yetu ungeweza kukiona siku isiyo na ukungu. Nilijua kwamba riwaya yake Rosa Mistika, ya mwaka 1971, iliwahi kuzuiwa shuleni. Yote haya niliyajua kama anavyojua njia mtu aliyeonyeshwa ramani tu. Kezilahabi alipofariki, Januari 2020, nilimsoma upya, safari hii bila mtihani mbele yangu. Nikamwona Zakaria akimchapa bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, na kila anayemwona Rosa akiangamia akiwa na mtu mwingine wa kumlaumu. Nikafunga kitabu na kulitafuta lile daftari.

Kutoka hapo nikawarudia Wafaransa ambao chuoni tuliwapitia juu juu tu. Tarehe 29 Oktoba 1945, vita vikiwa vimetoka kumalizika, Jean-Paul Sartre alitoa mhadhara Paris kuwajibu waliosema falsafa yake ni ya kukata tamaa. Humo alisimulia habari za mwanafunzi aliyemwendea wakati Wajerumani bado wameikalia Ufaransa. Kaka wa kijana huyo aliuawa katika mashambulizi ya 1940, na mama amebaki na yeye peke yake. Aende Uingereza kujiunga na jeshi la Wafaransa huru, au abaki na mama ambaye bila yeye hana sababu ya kuamka? Sartre alimwambia kwamba yuko huru, achague.

Nilipokuwa chuoni jibu hilo niliona ni la mtu anayekwepa. Mwanafunzi amekuja na mzigo, unamrudishia mzigo wake. Lakini Sartre aliongeza jambo ambalo katika noti zetu halikuwemo: anayekwenda kuomba ushauri kwa padri fulani ameshajua padri huyo ni wa aina gani, na kwa kumchagua amekwisha kuchagua jibu. Nilipofika hapo nilimkumbuka rafiki yangu wa usiku ule. Katika walimu wote wa shule ile nilimchagua yeye. Nyumba ya Mama ilikuwa jirani zaidi. Sikubisha hodi.

Hata hivyo Sartre hakunitosha. Kijana wake alikuwa anaamua maisha yake mwenyewe, akijua atakayoyabeba. Mimi niliamua ya mtu mwingine, na aliyebeba ni yeye. Aliyenisemea zaidi ni Simone de Beauvoir, katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1947. Kwake, uhuru wangu hausimami peke yake. Unategemea uhuru wa wenzangu, na anayemfunga mwenzake njia ya kesho amechezea uhuru wenyewe, wake ukiwemo. Anamchambua pia mtu anayeogopa uhuru wake, akatafuta jambo kubwa la kujificha nyuma yake, liwe chama, jeshi au sheria, akaliabudu mpaka watu wakawa wadogo mbele yake. Mfano wake mmoja unatugusa sisi moja kwa moja: mtawala wa kikoloni aliyeigeuza barabara kuwa sanamu ya kuabudiwa, asione tabu kuijenga kwa roho za wenyeji.

Najua kuna msomaji atakayesema kwamba haya ni ya Wazungu waliozoea kila mtu na lake, na kwamba sisi tunasema mtu ni watu. Naikubali methali hiyo kwa dhati. Lakini nimeona inavyotumika vikaoni. Mtu ni watu ikisemwa na Mama, maana yake ilikuwa kwamba mtoto yule ni sisi. Ikisemwa na sisi sita, maana yake ilikuwa kwamba hakuna mmoja wetu atakayeulizwa. Tunayo methali nyingine inayosema kifo cha wengi harusi, na kikao chetu kilifanana nayo: lawama iligawanywa watu wengi hadi ikawa nyepesi, tukanywa chai. Utu haumwondolei mtu mmoja mzigo wake. Unamwongezea, kwa sababu sasa anabeba na wa mwenzake.

Lugha yetu yenyewe inalijua jambo hili. Katika Kiswahili cha siasa za Tanzania, kuwajibika ni kujiuzulu, na maana hiyo ina historia. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani, baada ya watu waliokamatwa Shinyanga na Mwanza kuteswa na baadhi yao kufa mikononi mwa watumishi wa dola. Yeye hakumgusa mtu. Wala hakuwa na haja ya kutafuta kitenzi cha kutendwa. Angeweza tu kusema ni wale wa chini. Miaka minane baadaye akawa Rais. Sisemi alijiuzulu ili aje apate hicho. Mwaka ule hakuna aliyejua. Nasema tu kwamba wakati mimi nakua, mfano wa mtu mzima aliyelibeba jambo ambalo hakulifanya kwa mkono wake ulikuwa mbele ya macho yangu, nami nikashindwa kubeba nililolifanya kwa mkono wangu mwenyewe.

Hadithi ya sheria iliendelea bila mimi. Zanzibar tangu mwaka 2010 walikuwa na utaratibu wa kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua, ndani ya Jamhuri hii hii. Bara, Juni 2017, Rais John Magufuli alitamka Chalinze kwamba katika utawala wake mwanafunzi aliyezaa hatarudi shule. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba watarudi. Nilisikia tangazo hilo redioni nikiwa naosha vyombo. Watu waliamua, kisha watu wakaamua vingine. Ile "sheria" niliyomsomea mama mwenye vumbi miguuni ilikuwa maamuzi ya watu tangu siku ya kwanza, na mmoja wa watu hao aliitwa katibu.

Aprili 2022 nilimtafuta. Haikuwa vigumu, mwalo ni ule ule na watu wanajuana. Alikuwa na kibanda cha uwakala wa pesa za simu kwenye kituo cha mabasi, na mtoto wa kike wa miaka 12 aliyekuwa akimsaidia kuhesabu. Alinitambua kabla sijafika. Akasimama.

"Shikamoo Mwalimu."

Sikuwa na uso wa kuitikia, nikaitikia.

Nilimpa daftari. Alilifungua kwenye Takadini, akasoma taratibu huku wateja wakimngoja, akamwonyesha mtoto mwandiko wake wa zamani. Halafu nikamweleza, kwa maneno mafupi kadiri nilivyoweza, habari ya kikao, ya penseli na ya ufutio. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa msamaha, na safarini nilikuwa nimeshaanza kuutamani. Vyote viwili havikuja.

Alisema, "Mwalimu, miaka yote hii nilijua mlinikataa wote. Nilikuwa nikikutana na mwalimu yeyote wa pale sokoni, nageuza njia. Hata Mama wa Jiografia nilikuwa namkwepa. Alinisimamisha mara mbili, nikajifanya sijamsikia." Akanyamaza. "Kumbe kulikuwa na mmoja."

Usiku ule wa chemli nilipiga hesabu kwamba sita kwa moja na saba kwa sifuri ni kitu kimoja. Kwa bodi, ndiyo. Kwa mtoto wa miaka 16 anayerudi mwaloni na bahasha, tofauti yake ilikuwa mtu mzima mmoja duniani ambaye angeweza kumbishia hodi. Mama angemsaidia, najua, kwa sababu alijaribu. Mimi ndiye niliyemfungia mlango huo, kwa maneno matatu, na hakuna kanuni ya mwaka wowote iliyoniagiza.

Nilimuuliza nimfanyie nini. Nilidhani atataja ada, kwa sababu alikwisha kuniambia anataka kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ada alisema analipa mwenyewe. Alichotaka ni karatasi. "Uliandika," alisema. "Basi andika tena. Na safari hii andika ni wewe."

Nikaandika pale pale, juu ya kaunta ya kibanda, mtoto wake akinishikia karatasi isipeperuke. *Mimi niliandika kwamba wajumbe wote walikubali. Nilijua si kweli. Mjumbe mmoja alikataa na aliniomba niandike hivyo. Nilifuta.* Nikatia sahihi na tarehe. Nakala moja nikampa yeye, nyingine nikaipeleka shuleni, kwa mkuu wa sasa, ambaye mwaka 2009 hakuwepo. Aliisoma akiwa amesimama, akaniuliza aiweke faili gani. Nikamwambia lile lile.

Yule binti alisoma nakala yake mara mbili, akaniuliza kwa nini sikutaja jina la aliyekataa. Nilimwambia kwamba safari hii nitamuuliza mwenyewe kwanza. Mama amestaafu, yuko kwao, anafuga kuku na macho yanamsumbua. Nilimpigia simu jioni ile ile. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kama alivyotusikiliza kwenye kikao, kisha akauliza jambo moja tu: mtoto anaendeleaje. Amekubali jina lake liwekwe. Hapa silitaji, lakini kwenye barua zote mbili nimeliandika, na namba ya simu ya Mama nimemwachia binti.